Gari la Jirani Kiwanjani Kwangu

Mimi nimekata mawe tangu sijaota ndevu. Wengi wanaoniona leo nimekaa na kanzu nyeupe hudhani nilizaliwa nimekaa. Sikuzaliwa hivyo. Shule niliionja tu. Nilipojua kuandika jina langu na kujumlisha nikaona yanatosha, nikaingia matimboni, kwenye machimbo ya mawe, na mtaimbo na sururu, na huko ndiko nilikojifunza mengine yote. Nyumba ninayokaa hapa Malindi, kila jiwe lake nimelikata kwa mikono hii au nimesimama likikatwa. Jiwe ambalo halikunipendeza nilimrudishia aliyelileta, na akinuna nilimwacha anune.

Kando ya nyumba hiyo nilikuwa na kiwanja kitupu. Watu walikiona kitupu. Mimi sikukiona hivyo.

Baba yangu aliishi katika nyumba yake mwenyewe juu ya ardhi ya mtu mwingine. Wageni wa bara huona ajabu wakisikia hivyo, lakini kwetu ni jambo la kila siku: kuta zako, paa lako, ila mchanga ulio chini ya kitanda chako una bwana wake. Siku bwana huyo alipoutaka mchanga wake, baba alivua mlango na madirisha, akavipakia kwenye mkokoteni, kuta akaziacha pale zianguke zenyewe. Mimi nilitembea nyuma ya mkokoteni nimeshikilia fremu ya dirisha isidondoke. Sikulia. Nilisema moyoni, mimi nitaanza na mchanga, kuta baadaye.

Ndivyo nilivyofanya. Na kile kiwanja cha pili, cha kando, nilikinunua miaka ya themanini ilipoanza, mahoteli yanaota ufukweni kama uyoga na kila mmoja anataka mawe, tena anayataka jana. Nilikinunua kwa ajili ya binti yangu mkubwa. Wenzangu waliniuliza mbona nisiwawekee wanangu wa kiume. Niliwajibu kwamba wanaume wana mikono, wakakate mawe. Binti naye alikuwa na mikono, na akili kutushinda sote nyumbani, lakini sikutaka ije siku aambiwe toka, si na mume, si na mkwe, si na mwenye mchanga. Hati ilikuwa kwa jina langu, ila kwangu mimi kiwanja kilikuwa chake. Yeye wakati huo alikuwa bado anasoma, hakujua lolote. Mimi nilikuwa mlinzi tu.

Jirani yangu wa nyuma alikuwa mtu wa visiwani, kaskazini huko, aliyehamia kwetu na mkewe na watoto wadogo. Kazi yake samaki. Aliwachukua Mambrui alfajiri na kuwafikisha kwenye majiko ya mahoteli kabla jua halijawa kali. Alianza na baiskeli, tenga limefungwa nyuma, maji yanamtiririka miguuni. Baadaye akashirikiana na shemeji yake wakanunua pikapu kuukuu, samawati upande mmoja na kijivu upande wa pili, kwa sababu mlango mmoja ulitoka katika gari jingine.

Sasa nyumba yake ilikuwa ndani ya uchochoro ambao punda wa maji hupita akiparuza kuta pande zote mbili. Gari haliingii. Basi akawa analilaza barabarani, karibu na msikiti, kwa imani kwamba hakuna mtu atakayethubutu kuiba mahali pale. Betri iliibwa kabla hajamaliza kupongezwa na watu kwa kununua gari. Akanunua betri nyingine, likaondoka tairi la akiba. Mwisho akawa anaifungua betri kila jioni na kuibeba kifuani mpaka nyumbani kama abebaye mtoto mgonjwa, na asubuhi anairudisha vilevile. Asidi ikamla mashati. Vijana walimcheka. Mimi sikumcheka, maana najua kubeba.

Alikuja alasiri moja nimekaa barazani nanoa shoka la kuchongea mawe.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba."

Akakaa. Watu wa visiwani wana adabu ndefu; hawakuletei haja yao mpaka wawe wamekuuliza kila kitu ulichonacho duniani. Akaniuliza afya. Akaniuliza nyumbani. Akaniuliza kazi, na mawe ya mwaka huu yakoje, na kisima kama maji bado matamu, na mifugo. Mimi naendelea kunoa.

Nikamwambia, "Kijana, umeniulizia mpaka mbuzi, na mbuzi sina. Sema."

Akacheka, akajipapasa magoti. "Ami, naomba mahali pa kulaza gari. Hapo kando. Usiku tu."

Nilijua ndilo hilo. Siku nyingi nilimwona akikipima kiwanja kwa macho anapopita na betri yake. Nikamwambia nitamjibu Ijumaa tukitoka kuswali, akashukuru kana kwamba nimekwisha kukubali, akaondoka.

Sikuhitaji siku zile kufikiri habari ya gari. Gari halina neno. Nilikuwa nafikiri habari ya mchanga. Nimeona kwa macho yangu kiwanja cha mtu kilivyoliwa kwa maneno mazuri. Mtu mmoja wa upande wetu aliombwa njia ya kupitishia punda, akatoa, maana punda ni kitu gani. Baada ya punda ikapita mikokoteni, baada ya mikokoteni ikapita lori la mchanga, na alipokufa wanawe walipotaka kujenga waliambiwa hapa ni njia ya watu, tangu zamani. Jambo huanza kwa naomba, likaja nimezoea, likaishia haki yangu. Na hakuna aliyedanganya hata mmoja katika safari hiyo.

Mke wangu alikuwa amesikia yote nyuma ya pazia, kama kawaida yake.

"Utamkatalia?" akaniuliza.

"Kiwanja si changu."

"Si chako? Cha nani basi?"

"Cha mwanao."

"Mwanangu bado anasoma. Wewe ndiye unayelala na hati chini ya mto."

Halafu akanihesabia. Kwamba nilipokuwa kazini mwaka ule na yeye homa imemlaza, mke wa mtu huyo ndiye aliyempikia uji na kumfulia. Kwamba mtu anayekuomba kwa heshima hajakukosea. Na kwamba nikimnyima, nitasimama naye safu moja msikitini bega kwa bega kila siku, na hapo nione kama swala yangu itanikaa vizuri. Hilo la mwisho lilinipata. Mke wangu hajui kukata mawe lakini anajua pa kupiga.

Ijumaa nikamjibu mbele ya mzee mshona kanzu, jirani yetu wa upande wa barabara, ambaye duka lake ndilo baraza la mtaa. Nilitaka sikio la tatu. Nilisema gari lilale, lisikae: liingie baada ya magharibi, litoke alfajiri. Maji ya samaki yasimwagwe pale. Fundi asilitengeneze pale. Na jiwe lisiwekwe juu ya jiwe. Hilo la jiwe nililisema mara ya pili, kwa sababu kwangu mimi ujenzi ni jiwe, na mtu akitaka kukunyang'anya mahali huanza na jiwe.

Jirani akaweka mkono kifuani. "Nimekubali, ami. Na Mungu shahidi."

"Mungu yupo," nikasema, "na huyu mshonaji pia yupo."

Nikiri kwamba mambo yalikwenda vizuri. Mtu yule alikuwa msafi na mwenye saa yake. Kila Alhamisi mkewe alimletea mke wangu samaki aliyekwisha kuparwa, changu au tasi, na siku nyingine nguru mzima. Mwanzo nilitaka kuwarudisha. Kisha nikafikiri, nikamwambia mke wangu apokee, tena apokee mlangoni watu wakiona. Samaki yule alikuwa anasema jambo kwa mtaa mzima: huyu analaza gari kwa hisani ya yule. Nilimla kwa raha.

Ikaja Ramadhani. Mahoteli yakapunguza wageni, gari likawa linapumzika mchana pia, jua la saa nane linaligonga mpaka rangi inababuka na mpira wa mlango unanata. Akaja tena. Safari hii hakuniulizia mbuzi.

"Ami, kivuli tu. Makuti machache na nguzo."

"Jiwe?"

"Hakuna jiwe hata kokoto."

"Fanya."

Makuti ni makuti. Upepo huyachukua, mchwa huyala, na mvua huyamaliza. Sikuona ubaya. Sikukiona hicho kibanda kikijengwa, kwa sababu baada ya Idi nilipata kazi Junju, mtu mmoja anajenga nyumba kubwa na matimbo yako hapohapo shambani kwake, nikakaa huko mpaka masika yakaisha. Mvua ya mwaka ule ilikuwa nzito. Tulikata mawe tukiwa tumesimama katika maji kama mpunga.

Niliporudi nyumbani nilikuwa nimechoka na nina njaa ya chakula cha mke wangu. Akaniandalia sima na samaki wa kukaanga, na kando mboga ya majani imepikwa kwa nazi, laini, na uchungu kidogo wa kuchangamsha ulimi. Nikaila, nikaongeza.

"Nzuri hii. Mboga gani?"

"Mlonge."

"Umenunua wapi?"

"Sikununua. Analeta mama wa nyuma, tangu mvua ilipotulia. Anachuma kwake."

"Kwake wapi? Kwake hapaoti hata uyoga."

"Kwake pale," akasema, akaelekeza kidevu dirishani, kwenye kiwanja changu.

Nikaliacha tonge sahanini.

Nilitoka bila kunawa. Kibanda kilikuwa kimesimama wima, kimeezekwa vizuri, siwezi kusema uongo. Gari halikuwamo. Na kila nguzo, kutoka magotini kwangu mpaka chini ya makuti, ilikuwa imechipua. Majani madogo ya duara, kijani kibichi, yanacheza na upepo. Nyingine zilikuwa zimeanza kutoa matawi ya kushikika mkononi. Nikaitikisa moja. Haikutikisika. Ilikuwa imeshika mizizi katika mchanga wa binti yangu.

Hapa lazima nieleze, kwa ajili ya wale ambao si wa kwetu. Pwani mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na si lazima awe mtu mmoja. Ziko familia Mambrui zenye minazi ndani ya mashamba ya watu wengine, na huingia kuangua wakati wakitaka, hodi au bila hodi. Mtu huuza shamba asiuze miembe. Aliyenunua hukuta ana udongo tu, na kila msimu wajukuu wa mtu asiyemjua wako juu ya mti wanamrushia makokwa. Ukitaka kumwondoa mwenye mti, umlipe mti wake, na kwanza akubali kulipwa. Aliyepanda ndiye mwenyewe. Mtoto mdogo wa kwetu analijua hilo kabla ya kujua kuswali.

Na mimi, mwanamume niliyemtajia jirani jiwe mara mbili, sikutaja mti hata mara moja.

Tena kulikuwa na lile bakuli la mboga. Samaki wa baharini alisema kiwanja ni changu. Lakini mboga iliyochumwa ndani ya kiwanja changu, ikaletwa mlangoni kwangu kama zawadi, na mke wangu akasema ahsante, ile ilikuwa inasema kinyume. Mtu hapewi zawadi ya kitu chake. Siku zote hizo nyumba yangu ilikuwa inashukuru, na watu wanasikia.

Nikaenda dukani kwa mshona kanzu. Hakuinua macho kwenye cherehani.

"Umerudi," akasema. "Jirani yako kalaza gari, limeamka shamba."

Waliokuwa wamekaa wakaangua kicheko. Mmoja akasema yeye naye ana baiskeli, kama naweza kumruhusu ailaze apate angalau mhogo. Niliwaacha wacheke mpaka wakanyamaza. Ndipo mshonaji akasimamisha mguu kwenye cherehani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kama ungekuwa mti mmoja, ningeweza kusema umeota wenyewe. "Lakini hii imepangwa mistari, ndugu yangu. Hakuna mbegu inayoanguka kwa kamba. Lisemeni mapema. Miti ikizaa, watagombana watoto wenu."

Watoto wetu. Nilimwona binti yangu, ametoka shule, ameolewa, anataka kujenga, na mtoto wa mtu wa samaki anamwambia, dada, jenga, lakini milonge ni ya marehemu baba.

Nikarudi nyumbani nikachukua panga.

Nilimkuta jirani ameingia na gari, yuko chini ya kibanda anafunga turubai. Aliponiona uso wake ukafunguka. "Shikamoo, ami. Umerudi salama? Junju hawajambo?"

"Marahaba baadaye. Hii ni nini?"

"Kibanda, ami."

"Hii ya kijani."

Akatazama nguzo, akatabasamu. "Majani."

"Nani kapanda?"

"Hakuna aliyepanda. Zimeota." Akaanza kunieleza kwa furaha, mikono yote miwili. Boriti za mikoko zilikuwa adimu wakati ule, basi yule mtu wa upande wa Marafa aliyemletea makuti alimletea na nguzo hizi, za bei rahisi, amezikata katika ua wake wa zamani. Yeye alizichomeka. "Kwetu, ami, boriti ikikatwa imekufa. Unaijengea nyumba, inakaa miaka mia imekufa vilevile. Hii nimeichomeka maiti, mvua ikanyesha, ikafufuka! Mke wangu akasema hii ni baraka ya kiwanja cha ami."

Nikamtazama. Hakuwa anacheza. Mtu wa visiwani anaijua mikoko kama vidole vyake, lakini miti ya nchi kavu haijui, na hakuna aliyemwambia kwamba mlonge ukiuchomeka hata juu chini huota. Mtoto yeyote wa Kigiriama angemwambia. Hakuuliza, kwa sababu nani huuliza kama nguzo itaota?

"Baraka ya kiwanja changu," nikasema. "Na mboga mkeo anachuma kwa nani?"

Niliona jambo likimwingia polepole. Na yeye pia ni mtu wa pwani; visiwani kwao mnazi una mwenyewe vilevile. Akaitazama safu ile ya nguzo kama anaiona kwa mara ya kwanza, kisha akalitazama panga langu.

"Kata, ami," akasema. "Kata zote. Gari nitalirudisha msikitini."

Hakusema kwa hasira. Akaenda mbele ya gari, akafungua boneti, akatoa spana mfukoni, akaanza kuifungua betri.

Mimi nimesimama na panga mkononi, na mtu mwenyewe ameniambia kata, na sikuweza kuuinua mkono. Nikikata, kibanda kitaanguka, mtu atarudi kubeba betri kifuani, na mtaa utasema mzee wa mawe kamfukuza jirani kwa sababu ya mboga. Nisipokata, mizizi inaendelea. Nikazitazama zile nguzo tena, sasa si kama mwenye kiwanja bali kama fundi. Zilikuwa zimepandwa kwa mstari mzuri. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ilikuwa nafasi ambayo hata mimi ningeiacha. Na nyuma ya nyumba yangu nilikuwa na lundo la mawe yaliyobaki kazi mbalimbali, yamekaa pale hayana shughuli.

"Iache hiyo betri," nikamwambia.

Akaendelea kuzungusha spana.

"Nimesema iache. Hizi nguzo zitang'oka, moja baada ya moja, na mahali pa kila moja nitasimamisha nguzo ya jiwe. Mawe yangu. Chokaa yangu. Mkono wangu. Kibanda kitakuwa changu, na wewe utalaza gari katika kibanda changu."

Akainua kichwa kutoka ndani ya boneti. "Ami, ulisema jiwe lisiwekwe juu ya jiwe."

"Wewe usiweke. Mimi ninaweka."

"Na makuti?"

"Makuti ni yako. Yataoza."

Akacheka mpaka akaegemea gari. Mimi sikucheka pale, nilicheka nyumbani, tena kwa sababu ya mke wangu, aliyeniambia, "Umetoka na panga kumfukuza, umerudi unamjengea. Kesho ukamkasirikie anayetaka nyumba ya ghorofa."

Tuliifanya kazi ile wawili. Tuling'oa nguzo moja, tunaegemeza paa kwa boriti ya muda, ninajenga, tunangoja chokaa ishike, tunakwenda ya pili. Yeye alichota maji kwa mapipa yake ya samaki, na mpaka leo nadhani zile nguzo ukizikwangua ndani zinanuka nguru. Nilimfundisha kushika timazi. Alikuwa na mkono mtulivu. Mtu aliyezoea chombo kinachoyumba hujua wima iko wapi. Jiwe moja aliniambia limepinda kidogo, nikamwambia mimi nimejenga kabla hajazaliwa. Nilipopiga timazi lilikuwa limepinda. Nililing'oa nikaliweka upya, naye akageuka akatazama barabarani.

Milonge iliyong'olewa hatukuitupa. Aliichukua akaichomeka kando ya ukuta wake, pale uchochoro unapopanuka kidogo mbele ya mlango wake, na yote ikashika. Pale ilikuwa yake kwa haki, na mboga iliyotoka huko ilikuwa zawadi kweli. Nikairudia kwa hamu.

Tulipomaliza nikamwita mshona kanzu na wale wote waliocheka, tukanywa kahawa chini ya kibanda. Kahawa ilikuwa yangu, mabuli yangu, na vikombe vyangu. Niliyafanya hayo makusudi. Jirani alikaa kama mgeni, akamiminiwa kama mgeni, na hapo mbele ya watu akasema mwenyewe, bila mimi kumchokoza, kwamba kiwanja na kila kilichosimama juu yake ni cha ami. Mshonaji akazipiga nguzo kwa kiganja akasema haya mawe hayatachipua. Kahawa ikaendelea.

Binti yangu alimaliza masomo, akapata kazi ya ualimu papa hapa, akaolewa na kijana mtulivu, mwalimu mwenziwe. Muongo ule ulikuwa unakwisha. Nikampeleka ofisini, tukaandikisha kiwanja kwa jina lake. Nilimpa hati, nikamwambia sasa lala nayo wewe.

Siku ya kupiga kamba za msingi nilitoka asubuhi nikakuta kibanda kitupu. Jirani alikuwa ameondoa gari bila kuambiwa, na amepafagia. Makuti yenyewe yalikuwa yamekwisha kubadilishwa mara mbili. Nguzo zangu zilikuwa zimesimama vilevile, nyeupe, nami nikamwambia binti yangu tutazivunja, mawe yake yatafaa kwenye msingi.

Akazizunguka. Akaipima moja kwa mikono, akatazama juu.

"Kwa nini tuzivunje, baba? Zina nguvu. Jengeni chumba changu juu yake."

Fundi wake akazikagua, akasema zinabeba, akiziongezea ukanda wa simiti juu. Basi ndivyo ilivyojengwa: nyumba nyuma, na mbele chumba chake kimekaa juu ya nguzo, chini pako wazi, kivuli kitupu cha kutosha gari moja. Miezi yote ya ujenzi nilimwona jirani akipita jioni na betri kifuani, naye amekwisha kuota mvi pembeni. Binti alipohamia nikaona sasa yatosha, nikavaa viatu nikamwambie alirudishe gari.

"Unakwenda wapi, baba?"

Nikamwambia.

"Kiwanja cha nani?"

"Chako."

"Basi mwache aje mwenyewe."

Nilikaa. Nimeamrisha watu matimboni maisha yangu yote, na nilikaa.

Akaja alasiri ya siku ya pili. Mimi alinisalimu kwa ufupi, akanipita mpaka kwa binti yangu na kukaa mbele yake. Akamuuliza afya. Akamuuliza mume, na shule, na wanafunzi wa siku hizi kama wanasikia, na nyumba mpya kama haivuji, na kazi ya fundi kama imemridhisha. Ilichukua muda. Binti yangu hakumkatiza hata mahali pamoja; kila swali alilijibu kwa utaratibu, na yeye akamuuliza ya kwake, mpaka nikataka kuwapigia kelele wote wawili. Hatimaye akaomba.

"Ninakukaribisha, ami," binti yangu akamwambia. "Lakini mimi nalala juu yake. Sitaki kusikia injini kabla ya jua."

Jirani akaweka mkono kifuani, vilevile kama zamani.

Kwa hiyo akawa kila alfajiri analisukuma kwa mkono mpaka barabarani, ndipo analiwasha. Pikapu ile ilikuwa nzito na mchanga wa pale ni mwingi. Siku za mwanzo nilimsikiliza nikiwa kitandani akihema. Kisha nikawa natoka, navaa kandambili, naweka bega nyuma upande wa kijivu. Hatusemi kitu, tusije tukamwamsha mwenye nyumba.